Mchanga Mkavu

Usiku tunaosha reli,
mimi na Hebblethwaite, na pampu ya maji
yenye nguvu ya kubambua gome la mti.
Jani la mwaloni likikanyagwa na gurudumu moja
ni taka tu. Likikanyagwa na mia
huwa ngozi nyeusi, inang'aa,
na chuma juu ya chuma husahau kushikana.

Hapa mteremkoni, juu ya kituo cha Ellerthwaite,
mwenzangu huzima pampu.
Huwasha sigara. Hutazama chini.
Ilinichukua miaka mitatu kumuuliza.

Ilikuwa Novemba, anasema, enzi ya mvuke,
Jumamosi ya ukungu.
Garimoshi la wasichana wa kiwanda cha sufu
lilisimama kituoni likimngoja mama mmoja
apakie tenga la mabata.
Dakika mbili tu. Mabata walikuwa wakali.

Huku juu Josiah Threlkeld akafunga mvuke
palepale alipoufunga kwa miaka kumi na tisa,
penye ukuta wa mawe uliobomoka.
Akakaza breki.
Magurudumu yakamtii, yakasimama kabisa.
Garimoshi likaendelea.

Nilimwomba Hebblethwaite arudie hapo.
Magurudumu yamesimama,
garimoshi linakwenda.

"Mchanga!" Threlkeld akamwambia mchochea makaa,
na Amos Birkett akavuta wenzo
ili mchanga umwagike relini, uyape magurudumu meno.
Mrija ukakohoa.
Ukatema donge la tope, basi.
Wakageuza mashine: magurudumu yakazunguka kinyumenyume,
yakipanda mlima kwa hasira,
na wao, juu yake, wanashuka.

Mtoa ishara alisema baadaye
kilichomtisha ni ukimya.
Hakusikia mngurumo. Taa mbili ndani ya ukungu,
zinasogea kama sahani juu ya meza yenye mafuta,
kisha filimbi, ndefu, haikatiki,
hadi ilipokatwa.

Kwetu tunasema kujikwaa si kuanguka,
bali ni kwenda mbele.
Nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza.
Hapa kwenda mbele ndiko kulikoua
wasichana tisa, na Birkett, na yule mama.
Mabata walikutwa asubuhi
wakila kabichi za mtoa ishara.

Tume ilikaa siku nne hotelini, karibu na moto mzuri.
Ikaandika: majani.
Ikaandika: mapenzi ya Mungu.
Ikaandika kwamba dereva Threlkeld, alipoulizwa kasi yake,
alijibu, "Kasi gani, bwana? Nilikuwa nimesimama,"
na kwamba jibu hilo halikuisaidia tume.
Kisha, ukurasa wa thelathini na moja, chini,
kwa herufi za kusomwa na mwenye subira:
jiko la kukaushia mchanga pale depo
lilizimwa tangu Septemba, kwa agizo,
kubana matumizi ya makaa.
Makaa yalikuwa uani. Mlima mzima.

Jina la mtoto wa kukausha mchanga halikuandikwa.
Alikuwa na miaka kumi na miwili.
Aliambiwa asiwashe, hakuwasha.
Akaishi hadi themanini na tatu,
na kila Novemba, mkewe alipotoa mikate,
yeye aliingiza bati la mchanga kwenye tanuri lilelile,
akakaa kando yake kwenye kiti,
hataki kusemeshwa.
Watoto wake walikua wakidhani kila nyumba
mkate huwa na chembe.

"Babu wa baba yangu," anasema Hebblethwaite,
na kutoka koti la kazi, chini ya chupa ya chai,
anatoa kopo.
Kampuni ingejua, ingemwandikia barua.
Anamwaga ukanda mwembamba, reli ya kushoto, reli ya kulia,
kama mtu anayetia chumvi chakula cha mgonjwa.
Ananinyooshea zilizobaki.
Ungali na joto.

Saa kumi na dakika arobaini treni ya kwanza inapita,
abiria watatu, wawili wamelala.
Tunaisikiliza mpaka isimame.
Kisha anawasha pampu,
maana bado tuna maili mbili, na mialoni haijamaliza.